Ng'ombe Watatu na Nusu

Ugali ukikaukia kwenye karatasi na kuchacha hutoa harufu ya peke yake, kati ya maziwa yaliyoharibika na uchafu wa mende. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea begi la vitabu vya mitumba hapa nyumbani kwangu Kasulu. Anamfundisha mwanawe nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, na alitaka nimsaidie kuchagua vya darasa lipi vitamfaa. Nikafungua cha juu. Mgongo wake ulikuwa umebandikwa kwa ugali. Nilitoka nje kutema mate, nikarudi nikimwomba radhi. Akanipa hongera, akidhani nina mimba.

Niruhusuni niwaeleze taratibu kwa nini nilitema mate, ila nawashauri mmalize kula kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunaishi Kibondo. Baba alikuwa Bwana Afya, mtumishi aliyehamishiwa huko kutoka Dodoma. Mama yangu ni Muha wa Titye. Kazi ya baba ilikuwa kufunua vitu. Alifunua vyoo vya hoteli na masufuria ya mama lishe, na kila asubuhi alipita buchani kukagua nyama kabla haijagongwa muhuri. Nyumbani kwetu hakuna aliyenywa kwenye kikombe cha mwenzake. Mtoto aliyepokea bablishi iliyokwisha kutafunwa na mwingine alisukutuliwa kwa maji ya chumvi mpaka machozi yamtoke.

Na mimi, binti wa mtu huyo, nilikuwa nanuka.

Nilianguka mwanzoni mwa darasa la tano. Muundi wa mguu wa kushoto ukavimba, mfupa ukaoza ndani, na pakatoboka tundu lililochuruzika usaha mchana kutwa. Usaha wa mfupa hauna uhusiano na ule wa jipu. Unanuka kama dagaa waliosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na inzi wanaujua. Darasani wenzangu walivuta madawati yao mbele, kisha mbele tena, mpaka nikabaki na ukuta wangu. Rafiki yangu Zaituni, mtoto wa mwenye duka, alivumilia wiki nzima amefunga pua kwa mtandio, kisha naye akahama. Mwalimu mkuu akamwambia baba kwa upole kwamba nikae nyumbani mpaka nipone. Nikirudi watanipima wajue niingie darasa gani.

Kupona kulichukua karibu miaka miwili. Mwezi Agosti wa mwaka wa pili daktari alisema tundu limeanza kujaa, na kwamba Januari ningeweza kurudi shule. Hapo ndipo swali la darasa lilipokuja na kukaa nasi mezani. Wenzangu, Zaituni akiwamo, wangeingia la saba. Mdogo wangu Pendo, niliyemwacha la tatu akihesabu kwa vidole vya miguu, angeingia la tano. Mtihani wa mwalimu mkuu ndio ungeamua kama ninakwenda na Zaituni au na Pendo. Niliapa kwamba kuliko kukaa dawati moja na Pendo, heri mguu unuke tena.

Baba akaamua kunifundisha mwenyewe. Alikwenda Kasulu kwenye kikao cha kazi, akarudi na vitabu vya darasa la sita alivyopewa na mwalimu mmoja mstaafu.

"Umempima?" mama akamwuliza.

"Nimpime nini? Ana miaka kumi na miwili. Mwenye miaka kumi na miwili yuko la sita."

"Miaka imekwenda, lakini yeye alikuwa amelala kitandani, Baba Neema."

Baba akaendelea kupanga vitabu mezani kwa ukubwa.

Sijapata kushika vitu vichafu namna ile, na mtu anayewaambieni haya alikuwa na mguu unaotoa usaha. Vitabu vilikuwa vimebandikwa kwa ugali, mende wakaula ugali na kuacha punje zao nyeusi katikati ya kurasa. Aliyevitumia kabla yangu alikuwa mtu wa kulamba kidole kila anapofunua. Pembe zote zilikuwa za kahawia na zimekakamaa. Kwenye Hisabati alikuwa amepaka kamasi, zimekauka na kung'aa kama njia ya konokono. Nilifunua kurasa kwa ncha ya kijiko.

Lakini kiumbe yule alikuwa ameacha kitu kingine. Alikuwa ameandika majibu yote kwa penseli, tena kwa kukandamiza. Mtu mwingine aliyafuta baadaye, ila mashimo ya penseli yalibaki. Nilipoinamisha kitabu kuelekea dirishani, majibu yaliinuka yenyewe.

Baba alifundisha alasiri, akitoka kazini. Alisoma swali kwa sauti, mimi nikainamisha kitabu kidogo, nikajibu. Sahihi. La pili, sahihi. Siku za mwanzo nilijifanya kwanza kuhesabu kwa vidole. Baada ya wiki nilijibu kabla hajamaliza kusoma. Nilikuwa natafuna kilichokwisha kutafunwa na mtu mwenye kamasi, na nilikimeza bila hata kujikunja. Baba alichanua. Alimwambia mwalimu mkuu walipokutana sokoni, akamwambia baba yake Zaituni dukani, akawaambia wenye mabucha: "Binti yangu amelala miaka miwili, lakini la saba anaingia kwa miguu yake." Watu wakaja kunitazama. Mama peke yake ndiye hakunisifu. Alinipa maharage niyagawe mafungu sawa kwa ajili ya majirani watatu, akaona mafungu yangu hayalingani, akayachanganya tena.

Likafika swali la mfugaji mwenye ng'ombe ishirini na mmoja, anayetaka kuwagawia watoto wake sita sawasawa. Kila mtoto atapata wangapi, na watabaki wangapi?

"Watatu na nusu," nikasema upesi.

Baba akacheka. "Nusu ipi, mama? Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma," nikasema, maana nilijua watu buchani hugombania paja.

Pendo, aliyekuwa anaosha vyombo mlangoni, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Mtoto wa sita amepewa matako ya ng'ombe!"

Baba hakucheka tena. "Nionyeshe ulivyogawanya."

Sikuwa na cha kuonyesha. Akachukua kitabu mkononi mwangu, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha vilevile alivyoinamisha pande la nyama akitafuta minyoo. Alifunua ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine. Niliona pua yake ikikunjamana. Katika miezi yote ya kunisafisha kidonda sikuwahi kuiona pua ya baba ikikunjamana.

"Unakula matapishi," akasema.

Alitoka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Niliyatazama yale maji ya povu yakimwagika uani, na nilijua uchafu anaounawa ni mimi.

Kesho yake asubuhi alikuja kunisafisha mguu kama kawaida. Kila siku alichomoa tunduni gozi ya jana, ile shashi ya hospitali, iliyotoka na uzi wa kamasi ya kijani, akapenyeza nyingine mpaka chini kwenye mfupa. Nilikuwa nalia kila siku nikimwomba aache tundu lijifunge. Siku hiyo alifanya kazi bila kunitazama usoni.

"Unajua kwa nini siliachi lijifunge juu?"

"Sijui."

"Likifunga juu, chini usaha unabaki. Ngozi inapendeza, mfupa unaendelea kuoza. Linatakiwa lijae kuanzia chini." Akafunga bendeji. "Niletee vitabu vya Pendo."

Tulianza na changu cha la tano nilichokiacha nilipougua, nikashindwa. Cha la nne, nikashindwa. Cha la tatu alikitoa uvunguni mwa kitanda, na nilipoona picha za maembe yenye macho na midomo nikasikia kichefuchefu cha kweli. Nilisema sikigusi. Mama akaja akaketi upande wangu wa pili.

"Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha chake, "hiki kitabu hakijui una miaka mingapi."

Nilikifunua, nikakwama kwenye kugawanya kunakoacha baki. Baba akaweka kidole pale. "Hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata alichokitafuta. Kwenye Kiswahili hali ilikuwa nyingine: nilisoma cha la sita bila kukwama, maana kitandani nilisoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata za kufungia sukari. Basi kuanzia siku hiyo nilikuwa la tatu saa tisa na la sita saa kumi, na sikuona ajabu hiyo ikiniua. Kufikia Desemba nilikuwa nimepanda hadi katikati ya la nne kwa Hisabati, kwa majibu yaliyotoka kichwani mwangu mwenyewe, mengine mabaya sana.

Januari tulikwenda shule. Ofisini mlikuwa na mwalimu mkuu, walimu wawili, na baba yake Zaituni aliyekuja na karatasi za bintiye.

"Ndiye huyu wa la saba!" mwalimu mkuu akasema kwa furaha. "Bwana Afya, pengine hata tusimpime?"

Nilimwomba Mungu baba akae kimya. Ilitosha akae kimya tu.

"La tano," baba akasema. "Na Hisabati bado hajamaliza ya la nne. Niliwaambia vingine kwa sababu sikumpima. Nilipendezwa na nilichokiona juu."

Baba yake Zaituni akainamia karatasi zake. Nilimchukia baba kuanzia ofisini mpaka mlango wa la tano, ambako Pendo alisogea kunipa nafasi kwenye dawati na kuninong'oneza, "Dada, usinichungulie."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba asubuhi ile baba alinivua nguo mbele za watu. Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja sasa, na nimekutana na wazazi wengi wenye mabegi ya vitabu. Karibu wote huniambia umri wa mtoto kabla ya kuniambia anaweza nini, na huutaja kwa sauti ya kujitetea. Kwao hao ndiko nilikojifunza ni nani hasa aliyevuliwa ofisini siku ile, na kwamba alijivua kwa mkono wake, mbele ya watu aliowakagulia vyoo na maduka.

Yule mama mwenye begi naye alianza na umri. Nilimwambia arudi Jumamosi na mtoto nimpime, na vitabu aviache nyumbani kwake.