Nilidanganya rangi za mchezo wa TV nikiwa nimefunga, Biryogo 1993

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Haya ninayoandika yametokea yote. Uongo ndani yake upo mmoja tu, na ni wa kwangu. Niliusema nikiwa na miaka kumi na moja, mchana wa Ramadhani, saumu mdomoni. Nimeubeba miaka yote hii, na leo nautua hapa.

Wengi mnanijua kwa collection yangu ya video game za zamani. Kaseti, pad, na hasa katalogi, yale makaratasi ya kukunja yenye picha yaliyokuwa yanakuja ndani ya boksi. Mume wangu anaziita takataka zenye sanduku lake.

Kuna member aliwahi kuniuliza kwa nini nina katalogi nyingi kuliko mashine zenyewe. Nilimjibu kwa mkato, nadhani nilimkwaza. Mkuu, nisamehe. Jibu lako ndilo hili.

Turudi Kigali, mtaa wa Biryogo, mwaka 1992.

Tulikaa nyuma ya mafundi cherehani, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa rafiki yangu Zulfa. Baba yake alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Siku moja akarudi na mashine ya gemu ameifunga kwenye taulo, pad mbili za kuchezea, na kaseti nne, kila moja na katalogi yake.

TV yao ilikuwa black and white. Ukiipiga kofi upande wa kulia inatulia.

Hapo ndipo nilipopata kazi.

Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kijivu. Gari kijivu, barabara kijivu, adui kijivu. Lakini katalogi zilikuwa na picha za rangi. Maandishi yake hatukuyaelewa, mengine yalikuwa kama njiti za kiberiti zimemwagika, ila rangi hazihitaji kusomwa. Mimi nilikuwa na macho ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Nikawa nakaa kando ya TV, katalogi magotini, mchezaji anauliza, mimi najibu.

"Hii gari yangu iko rangi gani?"

"Nyekundu. Ile inakufukuza nyuma iko bluu."

Chekeni tu. Lakini nawaambia, ukishaambiwa ni nyekundu, unaiona nyekundu. Watoto wote waliokuja pale waliiona. Wakaanza kuniita Rangi, na jina likashika mpaka mama yangu mzazi akawa ananiita hivyo akinituma maji.

Nilijisikia mtu mkubwa sana, siwafichi. Sikuwa na mashine, sikuwa na TV, na kucheza nilikuwa wa mwisho kwa ubovu. Lakini bila mimi mchezo hauanzi.

Mchezaji bora wa nyumba ile alikuwa Mama Zulfa mwenyewe.

Ndiyo, mama mtu mzima. Alicheza amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, akisubiri unga wa mandazi uumuke. Mikono haoshi vizuri. Unga ulikuwa unamkaukia vidoleni na kuingia kwenye pad, ndiyo maana kitufe kimoja cha pad yake kilikuwa kinanata. Ukikibonyeza kinazama, kinafikiri kwanza, ndipo kinarudi.

Zulfa alikilalamikia kile kitufe. Mama yake akamjibu, "Mwacheni na yeye apumzike."

Ramadhani ya 1993 ikaingia. Mwezi ule mchana ulionekana mrefu, na mvua za mwanzo zilikuwa zinapiga bati kidogo kidogo. Sisi watoto tulifunga kwa kiburi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kula. Baada ya adhuhuri tulijazana kwa Zulfa tupitishe saumu na gemu mpaka magharibi.

Baba Zulfa akarudi safari na kaseti mpya. Karatasi ya juu imebanduka, haina hata jina. Na haina katalogi.

Tukaichomeka. Ikaja milima. Milima tu, mmoja nyuma ya mwingine, na mtu mdogo aliyevaa vazi refu anapanda polepole, amebeba taa. Kulikuwa na mto, na nyumba ndogo zenye mlango mmoja mmoja, na miti yenye matunda makubwa. Muziki wake ulikuwa wa taratibu. Tukasogea wote karibu na kioo.

Mama Zulfa akashika pad. Hakubonyeza kitu.

"Rangi, huyu muntu amevaa rangi gani?"

Nikasema katalogi haipo.

Akaweka pad chini. "Mimi siwezi kutembeza muntu sijue amevaa nini."

Macho yote yakanigeukia, wakuu. Niliona cheo changu kinaondoka hivi hivi kwa kukosa karatasi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Lakini mimi nimeiona katalogi yake. Kwa binamu yangu, kule Nyabugogo. Nimeishika."

Zulfa akanitazama. Alikuwa mtu wa kuamini, lakini alipenda kuthibitisha.

"Apa."

"Wallahi."

Nimefunga. Nimeapa. Tena kwa binamu ambaye hakuwepo, maana sikuwa na binamu Nyabugogo wala popote mjini.

Basi nikaanza kusema. Macho yalizunguka tu mle ndani, na rangi zikaja moja moja, hata sijui zilitoka wapi. Nikasema huyo ni mwanamke, amevaa gauni la njano lenye vidoti vya kahawia. Milima ni ya kijani, lakini upande mmoja imefifia. Milango ya nyumba ni bluu yenye ua jeupe. Mto ni zambarau. Anga ni waridi. Matunda ni machungwa yaliyoiva.

Mama Zulfa akachukua pad. "Sasa naona," akasema, akaanza kupanda.

Tulimpa yule mwanamke jina, Bibie.

Sijui niwaelezeje siku zile. Njaa ya saumu inafanya kichwa kiwe chepesi. Unakaa mkekani, mvua juu ya bati, harufu ya supu ya futari inaanza kupita chini ya pazia, na kwenye kioo Bibie anapanda milima ya kijani chini ya anga la waridi. Mara nyingine nilisahau kabisa kwamba nilidanganya. Niliziona zile rangi. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

(Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Wale mnaopiga katalogi laminesheni, mnazibana ndani ya plastiki, Mungu anawaona. Karatasi inapumua. Haya, tuendelee.)

Hatukufika mwisho mwaka ule. Ramadhani iliyofuata, ya 1994, Mama Zulfa alivuka milima yote mpaka daraja la mwisho. Ng'ambo palionekana nyumba moja, mlango wazi. Akabonyeza kitufe cha kuruka. Kikanata. Bibie akaingia mtoni na taa yake.

Tulipiga kelele mpaka fundi cherehani akaja kuuliza nani amekufa. Mama Zulfa alicheka akalala chali.

Baba Zulfa akasema ataichukua ile pad, kuna fundi anamjua Mombasa. Na Zulfa akaomba, shule ikifunga, aende na baba yake akaione bahari. Akakubaliwa.

Mimi niliondoka mapema zaidi. Baada ya Idd mama alinipeleka kwa mjomba Kigoma, alisema ni kwa muda. Nilipokwenda kuaga, Mama Zulfa alinipa katalogi zote nne amezifunga kwa uzi wa cherehani.

"Rangi zikae na mwenyewe," akasema.

Zulfa akanisindikiza mpaka mwisho wa kichochoro. "Ukirudi, pitia kwa binamu yako Nyabugogo. Uje na ile ya milima. Nataka kuiona kwa macho yangu."

Nikamwambia nitaileta. Uongo wa pili ukazaliwa na wa kwanza, lakini mimi nahesabu ni ule ule mmoja.

Mauaji ya mwezi wa nne yakatukuta kila mtu pake. Mimi Kigoma. Zulfa njiani na baba yake, na pad ndani ya begi. Mama Zulfa nyumbani.

Hakupona. Na ile nyumba haikubaki hata ukuta.

Hapo sitaongeza, wakuu, mtaniwia radhi.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikaolewa, nikarudi Kigali, leo nakaa Rebero. Nikaanza kukusanya hivi vitu, na watu wakafikiri ni hobby. Nilikuwa naitafuta karatasi moja. Mchezo sikuujua jina. Niliuandika kila forum ya wakusanyaji: milima, mtu, taa, mto. Watu waliniletea michezo ya kila aina, siyo wenyewe.

Katikati ya kutafuta huko, mwanamke mmoja wa Mombasa akaniona kwenye post zangu. Akaja inbox na swali moja tu.

"Wewe ni Rangi?"

Nililia kazini. Wenzangu wakadhani nimefiwa.

Tukawa tunaongea. Kila mara aliishia pale pale: "Na katalogi ya milima uliipata?" Nikawa nasema bado naitafuta, na hilo lilikuwa kweli.

Halafu mwaka jana mkusanyaji mmoja wa ng'ambo akaipata, akanitumia kwa posta. Nikaifungua peke yangu, mlango nimefunga.

Jamani.

Bibie ni mzee. Mwanamume mzee kabisa, ana ndevu, amevaa kanzu ya bluu. Milima ni ya kahawia. Anga ni jeusi, ni usiku mchezo mzima, ndiyo maana amebeba taa. Hakuna hata rangi moja niliyopatia. Hata kwa bahati!

Wiki hiyo hiyo Zulfa akaniambia anakuja Kigali.

Nilifikiria kuificha, sitajifanya mwema. Nilishaiweka chini kabisa ya sanduku. Ningemwambia bado. Lakini alipokaa sebuleni kwangu, mtu mzima, mwenye miwani, akatoa kwenye mkoba ile pad akaiweka mezani, nikashindwa.

Nikabonyeza kitufe. Kikazama, kikafikiri, kikarudi. Baba yake hakuwahi kuifikisha kwa fundi, na Zulfa mwenyewe hakutaka iguswe.

Nikaenda kuleta katalogi. Nikampa, nikamwambia yote: sikuwa na binamu, niliapa uongo, nilitunga kila kitu.

Akaigeuza huku na huku, akaweka kidole juu ya zile ndevu.

"Huyu mzee ndiye Bibie?"

"Ndiye."

Akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Sasa kwa nini ulisema milima imefifia upande mmoja? Mtu akitunga mlima anasema kijani, basi. Kwa nini upande mmoja?"

Nikafungua mdomo kujibu sijui. Na hapo hapo nikaiona. Pazia lao. Pazia la mlangoni, la kijani, upande wa kulia limefifia kwa jua.

Nikamwambia.

Akaweka katalogi chini taratibu. "Na milango ya bluu?"

"Chupa ya chai. Ilikuwa na ua jeupe."

"Mto?"

"Vitambaa vya makochi. Bibi yako alivifuma, vya zambarau."

"Anga?"

"Ukuta wenu, Zulfa. Ukuta wenu ulikuwa waridi."

Machungwa yalikuwa vikombe vyao vya plastiki, vya rangi ya machungwa. Kila kitu kilikuwa mle ndani. Mtoto nilipobanwa nilitazama chumba, nikakisema chote kilivyo, nikadhani natunga.

Hakuuliza la mwisho mpaka nilipomaliza yote. Alikuwa ameshika ile pad kwa mikono miwili.

"Gauni la njano."

"Lenye vidoti vya kahawia," nikasema. "Alilivaa siku ile. Alikaa mbele yangu kabisa."

Wakuu, Zulfa hana picha hata moja ya mama yake. Alitoka na pad na nguo za safari. Aliniambia sura anaikumbuka, sauti anaikumbuka, lakini rangi zilikuwa zimemtoka zote. Akimuota, anamuota kwa kijivu, kama kwenye ile TV.

"Rudia," akaniambia. "Anza na gauni."

Nikarudia. Nikachukua karatasi na kalamu za rangi za mwanangu, nikaikunja mara tatu kama katalogi, tukachora chumba kile mchana kutwa, tunagombana kama zamani. Yeye anasema pazia lilifika chini, mimi nasema liliishia gotini. Mimi siwezi kuchora hata kuku, lakini njano niliipata ile ile.

Siku ya kuondoka nilimfungia katalogi halisi vizuri, ndani ya bahasha ngumu. Nilimwahidi, nikampa.

Akaitoa, akanirudishia. "Hii ni yako, ni ya collection."

Akachukua ile ya kalamu za rangi, akaiweka kwenye mkoba pamoja na pad.

Somo langu ni dogo. Nilitumia miaka mingi kutafuta karatasi ya kunisafisha, kumbe Zulfa alihitaji ule uongo wenyewe. Simfundishi mtu kuapa ovyo, na saumu ile nimeilipa, tena mara mbili. Ninachosema ni kwamba kitazameni chumba mnachokaa leo. Kuna mtu atakuja kuwauliza kilikuwaje.

Comment ziko wazi. Wataalamu wa kaseti mtanisahihisha, na wa laminesheni mje mjitetee. Ila kabla ya hayo, kila atakayepita hapa anijibu hili moja: nyumba mliyokulia, pazia la mlangoni lilikuwa rangi gani?