Hesabu Mbele ya Kukata

Mimi nilitoka shule darasa la tatu. Sioni haya kusema, maana vyote nilivyo navyo nimevitengeneza kwa mikono hii: nyumba, atelie ninamofanyia kazi, na jina. Kazi yangu ni kufunga upya waya za moteri zilizoungua, za pompe za maji na za vinu vya unga. Niliianzia Tenke, nikimbebea waya mzee mmoja mkali. Alinifundisha kanuni moja tu: hesabu mbele ya kukata. Moteri ikiungua, waya ya zamani bado inakuonyesha ilizungushwa mara ngapi. Ukiikata bila kuhesabu, umeiua mara ya pili, na safari hii muuaji ni wewe. Wengi niliwafukuza atelie kwa kosa hilo. Wengine leo wako kwenye mashimo ya kobalti. Tukikutana barabarani wanaangalia upande mwingine.

Hesabu zangu niliziandika kwa makaa ukutani, halafu kwenye madaftari, na madaftari mchwa wakayala. Binti yangu wa kwanza, ninayemwita mama kwa kuwa ana jina la mama yangu, alifanya kazi nami miaka miwili mbele ya kuolewa Kisenge. Kabla mchwa hawajamaliza, yeye aliingiza yote kwenye kompyuta ndogo, ile inayotosha juu ya goti moja: moteri, mwenye nayo, unene wa waya, mizunguko. Nilimcheka. Leo kazi yangu nzima imelala humo.

Mwaka huu kompyuta ikachoka. Unaiwasha, unaweka maharagwe motoni, yanaiva, yenyewe ingali inafikiri. Mwishowe ikakataa kabisa. Fundi mmoja wa Manika aliigeuza kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza.

"Papa, hii tunatupa. Ao nafuta yote, naanza upya."

"Ukifuta yote, weye njo nitakufuta," nikamwambia, nikaibeba.

Binti yangu akanieleza kwa simu kwamba kuna Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta: ni bure, ni nyepesi, inafaa mashini zilizozeeka. Akaiweka kwenye kle, kile kijiti cha USB, akampa dereva wa lori aniletee. Jumamosi mchana umeme ulikuwepo, lakini mimi umeme wa Kolwezi siuamini. Niliunga kompyuta kwenye batri ya lori, nikaegemeza simu kwenye ganda la moteri, sauti ya binti yangu ikajaa atelie.

Tuliiwasha kutoka kwenye kle. Kioo kikafunguka haraka, safi, na rangi zake.

"Sasa inatembea juu ya kle tu, tata. Ndani haijagusa kintu. Ngojea nikuambie."

Sikungoja. Niliona alama ya kuweka Linux, nikabonyeza. Ikaniuliza hili na lile, nikawa najibu. Kiburi kilinipanda, nilikuwa namfikiria yule fundi wa Manika.

"Uko wapi, tata?"

"Inauliza kama ifute diski. Nataka kukubali."

"Tata. Unakwisha kuhesabu mbele ya kukata?"

Tangu Tenke hakuna mtu aliyeniuliza hivyo.

"Minakwisha," nikasema. Ulikuwa uongo.

"Basi unisomee moteri moja."

Nikamweleza, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kwenye moteri kibati cha jina kinakaa kwenye ganda. Waya mbovu, unaing'oa yote, kibati kinabaki. Linux itang'oa ugonjwa, orodha itabaki.

"Hapana, tata. Hapa kibati kiko mu waya: orodha iko mu diski ile unataka kufuta."

Niliondoa kidole. Nilirudi nyuma, nikafungua diski kama alivyonielekeza, orodha ikatokea. Nikamsomea polepole, kidole juu ya kioo: "Pompe ya misioni. Tata alihesabu arobaini na sita. Mi nilihesabu waya ya kwanza, arobaini na nane. Nilifunga arobaini na nane."

Pompe hiyo naikumbuka. Iliungua mara mbili mikononi mwangu, nikamtukana muuza waya. Mara ya tatu ikafanya kazi mpaka leo, na kila mtu nilimwambia ni kwa sababu nilibadilisha muuza waya.

"Ni weye ulifunga hii?"

"Njo mi."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungenifukuza, tata. Sawa bale bengine."

Nilichukua kle yangu ya nyimbo za kanisa, nikaondoa nyimbo kumi, nikanakili orodha humo. Akanisomesha tena mistari mitatu kutoka kwenye kle hiyo. Ndipo nikakubali diski ifutwe. Kompyuta inafanya kazi mpaka sasa.

Siku hizi nikimaliza kuhesabu, siandiki papo hapo. Nampa moteri hiyo kijana ninayefanya naye kazi sasa, natoka nje mpaka naye amalize kuhesabu. Juma lililopita tulipishana mizunguko mitatu. Tukahesabu pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Lakini kwenye kompyuta niliandika hesabu zote mbili.