Aliyeshika Vikombe

Kri-kri-kri. Vikombe vya shangazi aliyemlea msichana mmoja viligongana hivyo kabatini kila machimbo ya kokoto nyuma ya nyumba yalipolipua mwamba. Shangazi alikuwa akiacha alichoshika, akilikimbilia kabati na kulikumbatia kama mtoto mwenye degedege.

Binti huyo alipokua akasomea hesabu, na machimbo yaleyale yakamwajiri aunde mfano wa mlipuko kwenye kompyuta kabla ya baruti kuwashwa. Mwamba wake wa kwenye kompyuta ulikuwa wa chembe, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiisukuma jirani yake. Wenzake wakambandika jina: Chembe.

Ikafika zamu ya ukingo wa machimbo ulio karibu zaidi na nyumba ya shangazi. Fundi baruti angetumia mabomba yaliyojazwa baruti na kuchanwa pande mbili, nguvu itokee kwenye michano, mwamba upasuke kwa mstari na nyumba isiguswe. Kwenye kompyuta mstari ulinyooka. Kwenye jiwe la majaribio ukaenda kombo.

"Kompyuta yako ina makengeza," fundi akamtania.

Alinuna, kisha akatazama upya. Moshi wa baruti nao ulikuwa wa chembe, na zote alizipa umbali uleule wa kuhisiana. Moshi ulipotanuka, chembe zikaachana kama ndugu waliohama. Hazikuhisiana tena, na msukumo ukapotea. Akaacha umbali huo ukue kadiri zinavyotawanyika. Papo hapo kompyuta nayo ikaonyesha ule ukombo. Wakapunguza baruti, wakasogeza mabomba, wakajaribu tena na tena, hadi mstari ukanyooka kwenye kompyuta na kwenye jiwe pia.

Siku ya kulipua, shangazi aliambiwa atoke nyumbani.

"Na vikombe vyangu nani atavishika?"

"Mimi."

"Wewe si unatoka nami? Hiyo mikono yako ina urefu gani, mwanangu?"

Walisimama mbali, nyuma ya kamba. King'ora kikalia, kisha kishindo kifupi, kama gunia lililodondoshwa. Fundi akaenda kukagua, akarudi na vumbi kwenye kope.

"Nendeni mkanywe chai," akasema.

Ukutani mwa nyumba, kipande cha karatasi ambacho Chembe alikuwa amekibandika juu ya ufa wa zamani, aone kama utapanuka, hakikuchanika. Akakaa sakafuni. Shangazi akafungua kabati. Vikombe vyote vilikuwa wima, mishikio ikitazama upande aliouacha.

"Hata kimoja hakijavunjika!" akalalamika. "Nami nilitaka vipya."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, taratibu.

"Haya, niambie. Nani alivishika?"

Chembe akajibu kwa sauti ndogo, kama anayechelea kuviamsha: "Mimi, shangazi."