Nilivyowalambisha Sukari Waonja Mvinyo

Naandika haya nikiwa na aibu ambayo haijaisha, maana hata leo nikisikia honi ya treni huku kwetu Changamwe najikuta nimejifunika uso na leso, na niko peke yangu chumbani.

Shangazi yangu Mbeyu hupika sambusa za kuuza, zenye pilipili ya kukutoa machozi, na Jumamosi iliyopita alipata bahati ya kulisha wageni kwenye treni ya jioni, ile inayopanda taratibu hadi Mazeras watu wakitazama minazi na kuonja mvinyo (watu wana mambo!). Mwenye safari, Madamu Pendo, alimwambia wageni wakipenda chakula, kazi ni yake kila mwisho wa mwezi. Shangazi akanichukua nimsaidie kubeba sinia.

"Kadzo, wewe weka sahani, tabasamu, ondoka. Basi."

Kazi ya kutosema kitu, nikaona imeumbwa kwa ajili yangu.

Nikaweka sahani. Mzee mmoja wa kofia nyeupe akamega sambusa, akatafuna, akapiga funda la mvinyo, akalisukasuka mdomoni kama anayesukutua, halafu, jamani, akatema kwenye kindoo cha kung'aa! Nikadhani ni yeye tu. Mama wa pembeni naye akatema. Meza inayofuata, wakatema. Behewa zima linatema, tena kwa adabu, wakijifuta midomo, na mimi nikajiambia: pilipili! Shangazi amewaunguza watu, na kazi yake inatemwa ndooni mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo ningemuuliza mhudumu, alikuwa karibu kabisa, lakini kwangu mimi kumuuliza mtu nisiyemjua ni kama kupandishwa jukwaani, nikaamua nitalimaliza mwenyewe kimyakimya. Kwetu ukiunguzwa na pilipili unalamba sukari. Nikachukua bakuli la sukari ya chai na vijiko, nikaanza na yule mzee.

"Shikamoo. Pole. Lamba hii."

"Marahaba, binti. Na hii nayo ni ya kuonja?"

Nikasema ndiyo (mimi nikiona haya huitikia ndiyo kwa kila kitu). Akalamba. Wenzake walipoona wakanyoosha mikono, "Na huku, binti!", nikazunguka behewa zima nikilambisha watu wazima sukari kama watoto waliotoka kunywa dawa chungu.

Sasa mtaalamu wa mvinyo, aliyekuja kuwauzia wageni chupa zake, akamimina mvinyo wake wa kujivunia, ule usio na utamu. Wakanywa. Nyuso zikakunjamana.

"Mbona siki hii?" mzee akauliza.

"Siki?" Mtaalamu akaonja. "Mbona uko sawasawa!"

"Kwako labda. Mimi sinunui."

Hakuna aliyenunua. Madamu Pendo akaviona vijiko. "Nani ameleta sukari humu? Sukari inaharibu ulimi, kila kitu kinakuwa kichachu!"

Vidole vyote kwangu. Na mimi, niliyenyamaza maisha yangu yote, nikachagua wakati huo kupaza sauti: "Mlikuwa mnatema sambusa za shangazi!"

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na sinia la pili.

"Nani katema sambusa zangu?"

Behewa likaangua kicheko. Mzee wa kofia, akijifuta machozi, akanieleza kwamba waonjaji hutema mvinyo ili wasilewe kabla ya chupa ya mwisho, lakini sambusa wamezimeza zote, na ziko wapi nyingine? Kila mtu alicheka isipokuwa Madamu Pendo, aliyemwambia shangazi, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba mwezi ujao atawapa wageni jibini na karanga.

Kwenye tuktuk ya kurudi nyumbani, tulipokaribia kwetu, shangazi akanigeukia.

"Kadzo. Wewe sambusa uliionja?"

"La, shangazi."

Akafungua kikapu akanipa moja. Nikauma. Haikuwa na pilipili hata ya kusingiziwa; alikuwa ameiacha kabisa kwa ajili ya wageni.

"Haya niambie. Inaunguza?"

Nikatikisa kichwa, mdomo umejaa na machozi yananitoka, na safari hii si ya pilipili.

Nimeapa sitapeleka tena mbele ya watu kitu ambacho mwenyewe sijakionja, na nikimwona mtu anatema nitamuuliza kwa nini, sauti ikitetemeka na itetemeke. Shangazi anasema ni jambo zuri, ila nianze kuuliza nikiwa nyumbani.