Kumsalimia Mwana wa Mfalme

Ijumaa iliyopita tulimzika baba. Tulipokuwa tukirudi mtaani kwetu Buyenzi niliinua macho, nikayaona matao ya kaburi la mwana wa mfalme, yule aliyepigania uhuru wa nchi yetu, kule juu kilimani Vugizo.

Nilipokuwa mdogo, baba alirudi mchana mmoja mikono ikinuka oili ya gereji, akasema, "Kesho tutaenda kumusalimia mwana wa mfalme." Sikujua kwamba alikwisha kufa. Nilidhani anakaa pale juu, anapokea wageni. Nikamwomba mama amkaangie sambusa.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "We mutoto! Mwana wa mfalme atakula sambusa za Buyenzi?"

"Muache," baba alisema. "Mugeni haendi mikono mitupu. Mama, ongeza pilipili."

Kesho yake tulipanda kwa miguu, harufu ya vitunguu ikitoka kwenye karatasi niliyoibeba. Mlinzi wa pale alizipokea sambusa kwa mikono miwili, akashukuru. Baba akavua viatu, akasimama mbele ya jiwe, akasema, "Assalamu alaykum," kama alivyowasalimia wafu wetu makaburini. Hapo ndipo nilipoelewa. Machozi yakanijia.

"Hajibu, baba."

"Anajibu. Kila maiti anajibu salamu. Ni sisi tu hatusikie."

Hakucheka hata kidogo. Alinisogeza mbele taratibu. Nikasalimia na mimi, kwa sauti ndogo, kisha tukatega sikio wote wawili.