Mfuko wa Ming'oko

Picha niliiona nikiwa kwenye foleni ya kibali cha kuishi, kaskazini mwa Ulaya, nimeshika kijikaratasi cha namba. Ilikuwa mara ya tatu kufika ofisi ile. Mara ya kwanza picha yangu ya paspoti ilikuwa kubwa mno, mara ya pili barua ya chuo haikuwa na muhuri. Nikafungua simu ili nisimtazame yule mama karani wa dirishani, nikakuta mdogo wangu wa kiume ametuma picha ya mke wake akimchimbia mama ming'oko. Nikaona wivu. Wengine wangesema ni upweke au hamu ya nyumbani, lakini mimi najijua. Ulikuwa wivu, ule wa mtoto anayemwona mwenzake kapakatwa.

Ming'oko, kwa asiyefika kwetu Masasi, ni viazi vya porini, vyembamba na virefu, vinavyochimbwa kiangazi. Unaichemsha kwa chumvi, unaimenya, unakula kwa pilipili. Haipandwi shambani. Kila mama ana sehemu yake porini na hamwonyeshi mtu ovyo. Sehemu ya mama yangu iko nje ya Lupaso, nyuma ya mikorosho ya babu, na alinionyesha mimi peke yangu nilipokuwa darasa la tano. Alinifundisha kuufuata mmea unavyotambaa hadi shinani, kuchimba kwa ubavuni nisiuvunje, kisha kurudisha kichwa chake shimoni na kukifukia, ili mwakani tukute mingine. "Ukiacha shimo wazi, usinifuate tena," aliniambia. Na tukishafika nyumbani na kuichemsha, mng'oko wa kwanza kumenywa alipewa aliyechimba. Miaka yote ile nilipewa mimi, na wadogo zangu wakisubiri.

Sasa kwenye picha, mahali palepale, ameinama wifi yangu, binti wa Newala aliyeolewa kwetu mwaka mmoja kabla sijasafiri, na chuma cha kuchimbia cha mama kiko mkononi mwake. Mama amekaa chini pembeni, miguu kainyoosha, anacheka huku uso kaugeuzia kwingine. Nilikuza picha ile nikitafuta shimo lililoachwa wazi. Sikuliona hata moja, nikazidi kukasirika.

Na siyo ming'oko tu. Yule binti alikuja kwetu anajua Kimakonde na Kiswahili, lakini mwaka haujapita alikuwa anataniana na mama kwa Kimakua chetu, tena utani ambao mimi nilikuwa nimeanza kuusahau. Nikipiga simu Jumapili nawasikia wanacheka kabla ya kupokea. "Wifi, shikamoo," ananiamkia kwa heshima zote. Naitikia marahaba kwa sauti kavu, halafu naomba nipewe mama.

Kule niliishi nyumba ya wanafunzi wanne, jiko moja, friji moja. Mapipa ya taka yalikuwa manne, kila moja na rangi yake, na ukikosea unaandikiwa kikaratasi. Kufua ni kwa kujiandikisha. Kwenye friji kila kitu lazima kiandikwe jina, maana Ijumaa ni zamu ya usafi na kisicho na jina kinatupwa. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa mwenyeji wa nchi ile. Mama yake alikuja kila Jumapili na sufuria ya supu, anambusu mwanawe shavuni, anamkunjia nguo. Hata huyo nilimwonea wivu. Nilikuwa najifungia chumbani mpaka yule mama aondoke.

Ndipo mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa likizo Dar akaniletea mfuko kutoka nyumbani. Tulikutana kituo cha treni asubuhi ya Ijumaa, nami nimechelewa mtihani. Nilichungulia juujuu: ming'oko, mibichi, bado ina udongo wetu mwekundu. Nilikimbia nayo nyumbani, nikautia mfuko mzima kwenye friji, nikatoka mbio. Jina sikuandika.

Jioni nilikuta friji inang'aa. Jirani yangu akaniomba radhi kwa upole kabisa. Alidhani ni mizizi yenye matope iliyosahauliwa na mtu, akaitupa, na gari la taka lilikuwa limeshapita. Sikuweza hata kumgombeza. Jina sikuandika mimi.

Jumapili nikapiga simu. Mama akaniuliza, "Umeipata ming'oko, mwanangu?"

Ningesema ukweli tu. Lakini nilisikia nyuma yake sauti ya wifi ikiuliza, "Kasemaje, mama?" Nikajua simu iko spika, nikapandwa na roho mbaya.

"Nimeipata mama, mitamu," nikasema. "Ila mingi ilikuwa imevunjika. Aliyechimba hana mkono wako."

Mama akasema, "Basi pole. Na kanga yangu imekufaa na hiyo baridi?"

"Kanga gani?" Lilinitoka kabla sijafikiri.

"Si ile yangu ya zambarau? Niliiweka chini kabisa ya mfuko kwa mkono wangu."

Kumbe nayo ilikwenda na gari la taka. Kanga ile mama alijifunga tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa nimelala juu yake, nimefutwa nayo machozi na mafua.

"Mama, nisamehe," sauti ya wifi ikaingia. "Mimi niliitoa nikiupanga mfuko upya, nikasahau kuirudisha. Ipo sandukuni."

Mama alimsema palepale, tena kwa ukali. Kwa nini anagusa vitu vya watu, kwa nini hakusema mapema. Wifi anaitikia tu, "Ndiyo mama. Nimekosa, mama." Naye, kwa lile swali langu la kanga, alikwisha kujua kwamba mfuko sikuufungua mpaka chini, na ile habari ya kuvunjika nimeizua. Niliyaacha yaende hivyohivyo. Tena, Mungu anisamehe, kwa kitambo nilifurahi kusikia anagombezwa.

Nilirudi likizo kiangazi kilichofuata. Mama alinipokea mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa paji, pua, kidevu. Ndipo nikaelewa kwa nini kwenye picha alikuwa anatazama kwingine. Presha ya macho. Alikuwa akihudhuria hospitali ya Mkomaindo mwaka wa pili huo, na kila kliniki alipelekwa na wifi. Waliambizana wasiniambie, nisije nikaacha masomo.

Jioni ileile wifi akaja na kanga, zambarau na nyeupe, akaniwekea mapajani mbele ya mama. "Wifi, hii hapa ile niliyoisahau." Maua yalikuwa yaleyale. Sijui aliisaka maduka mangapi mpaka akaipata, na alikuwa ameifua mara nyingi ilainike. Sikuweza kumtazama usoni. Akarudi jikoni kuipua ming'oko.

"Hebu nipe," mama akasema. Aliipapasa polepole, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Yangu ilikuwa na tundu la pasi," akasema.

Nikaikunjua tena kanga aliyoikunja.

"Yule hajawahi kusahau kitu tangu aingie nyumba hii. Siku ileile nilijua kuna jambo. Nilimsema ili wewe useme."

Basi nikasema. Friji, jina, gari la taka, na ming'oko ambayo sikuionja nikaitukana. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakuniambia pole. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama wifi nilishamwambia. Nikajibu bado.

Wifi akaingia na sinia linalofuka moshi, akaketi mkekani upande wa pili. Mama akapapasa, akautwaa mng'oko mmoja, akaumenya taratibu kwa vidole, wote tukiangalia. Miaka yangu yote nilijua mng'oko ule ni wa nani. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono alipougeukia upande wa wifi na kumwambia kwa Kimakua apokee.