Mazishi Yaliyofungua Wodi

Nimewahi kuandaa mazishi ambayo hayakuwa na maiti.

Jeneza lilikuwepo. Hema lilikuwepo. Kwaya ilikuwepo, tena imevaa sare. Waheshimiwa walikuja na magari yao makubwa na mmoja wao akamlilia marehemu mpaka kitambaa kikalowa.

Maiti tu ndiyo haikuwepo. Na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyeuliza.

Wacha niwape hii stori kutoka mwanzo, maana naona watu wanaisimulia huko mitandaoni na wanaikosea.

Naitwa Phanice. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa inchaji, yaani msimamizi, wa kituo kimoja cha afya huku kwetu milimani, kati ya Keumbu na Nyaramba. Jina la kituo nitalificha, na kaunti pia. Mpaka wa Kisii na Nyamira huku unapita katikati ya migomba ya watu, kwa hivyo kisieni wenyewe.

Tulijengewa wodi mpya ya kujifungulia. Si mchezo! Vitanda vipya, maji ya bomba, jenereta, na meza yenye joto ya kumlaza mtoto akishazaliwa. Mkandarasi akamaliza, akanikabidhi ufunguo, akaenda zake.

Nikasema haya, wamama waingie.

Simu ikapigwa kutoka juu. "Sista, usiguse! Hiyo wodi haijafunguliwa."

"Lakini ufunguo ninao hapa."

"Haijafunguliwa rasmi. Mkubwa wa kaunti lazima aje akate utepe."

Basi tukanunua utepe, tukaufunga mlangoni. Mkubwa hakuja, alikuwa na mazishi. Tukapewa tarehe nyingine. Mazishi tena. Utepe ukapigwa na jua mpaka ukapauka, nikateremka Kisii mjini kununua mwingine kwa Harish, mwenye duka la vitambaa. Nikarudi tena. Na tena.

Siku moja Harish akavua miwani akanitazama.

"Sista, tena utepe? Hiyo wodi munafungua ama munashona?"

Nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Kwa sababu kulikuwa na Kwamboka.

Kwamboka ni mama wa hapo jirani, anachuma majani chai. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya barabara, mama akikimbizwa Kisii kwa pikipiki. Hakupumua, na hapo barabarani hakukuwa na mtu wala kifaa cha kumsaidia. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na kila akija kliniki, kabla hata sijampima presha, ananiuliza swali lile lile.

"Sista, itafunguliwa kabla yangu?"

Namwambia itafunguliwa. Ananitazama vile mtu anamtazama muuza dawa za minyoo sokoni.

Ndipo nikapelekwa semina. Hotelini, Kisii mjini, mada ni uongozi na utetezi wa sera kwa wahudumu wa afya. Mkufunzi alitoka Nairobi, suti imembana, anatembea huku na huku kama anatafuta choo.

"Mtetezi mzuri hamngoji mwenye uamuzi ofisini!" akatuambia. "Anamfuata pale alipo!"

Wenzangu wakaandika. Mimi nikakaa nikawaza. Mheshimiwa wetu wa afya, waziri wa kaunti ambaye hapa nitamwita Zachariah, huwa yuko wapi? Ofisini hayuko. Simu hashiki. Lakini mazishi je? Lo! Mtu akifa Nyakoe yuko. Akifa Keumbu yuko. Maiti haijatoka mochari, yeye ameshafika anajaribu maikrofoni.

Nikarudi nikaita kamati ya kituo. Mwenyekiti wetu ni Mong'ina Bitutu, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwetu, bibi mmoja Msabato ambaye hata chifu akimwona hupunguza mwendo. Nikaeleza nilichojifunza. Bitutu akaweka kikombe cha chai chini.

"Kumbe ni rahisi. Tufanye mazishi."

"Ya nani, mong'ina? Hakuna mtu amekufa."

"Wewe tangaza tu. Kama kuna kiongozi atauliza ni nani amekufa, tutamwambia ukweli. Sisi ni Wakristo, hatudanganyi mtu."

Tangazo lilikuwa fupi. Mazishi, Alhamisi, uwanja wa kituo cha afya, viongozi wote karibuni. Hakuna jina. Hakuna picha.

Nikangoja mtu aulize. Kweli simu ikaja kutoka ofisi ya Mheshimiwa, na moyo ukanipiga paa! Ni msaidizi wake. Alitaka kujua kama spika zitakuwa za nguvu, na kama Mheshimiwa ataongea kabla ya chakula au baada.

Jeneza tuliazima kwa Angwenyi, fundi wa majeneza pale sokoni. Alitupa kwa masharti.

"Musikwaruze. Hii iko na mwenyewe, ni vile tu bado anapumua."

Mchungaji naye alikataa kuombea jeneza asilojua lina nini. Chakula lakini alikuja kula.

Alhamisi ikafika. Kijiji kizima kilijua siri, na kijiji kizima kilikuja. Anyona, muuguzi mwenzangu, ndiye alikuwa mshereheshaji. Akamwita Mheshimiwa kwa sauti ya majonzi mpaka nikamwogopa.

Mheshimiwa akasimama mbele ya jeneza, akainamisha kichwa kwa muda mrefu.

"Ndugu zangu, leo nimelemewa. Marehemu hakuwa rafiki tu. Alikuwa kama ndugu."

Bibi mmoja nyuma akapaliwa na mate.

"Wiki iliyopita tu alinipigia simu. Akaniambia, Mheshimiwa, usiwasahau wamama wa hapa."

Wamama wakajifunika leso, mabega yakaanza kutikisika. Yeye akadhani ni kilio, akaongeza moto. Marehemu alisaidia vijana. Marehemu alipenda elimu. Marehemu ndiye alimfundisha kuomba. Kiswahili nacho kilimsaidia sana, maana alimsifu mtu mzima mzima bila kulazimika kusema kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Akatoa kitambaa akajipangusa. Na walahi machozi yalikuwa ya kweli! Huyo mtu ana kipaji, tusimnyime haki yake.

Bitutu akainuka polepole, akachukua maikrofoni.

"Mwanangu, umemsifu vizuri. Sasa njoo umuage rafiki yako kabla hatujamfukia."

Anyona akafunua jeneza.

Ndani kulikuwa na makasi mapya, yamelazwa juu ya utepe mwekundu. Basi.

Mheshimiwa akainama, akachungulia. Halafu mtu mmoja akashindwa kujizuia, na baada yake uwanja wote. Kuna mzee alicheka mpaka akaanguka na kiti.

"Huyo ndiye alikupigia simu wiki iliyopita," Bitutu akasema. "Amechoka kungoja. Mlango ni ule pale. Kata, wamama waingie."

Mheshimiwa hakuona aibu hata kidogo. Hapo ndipo nilijua uongozi ni kitu kingine. Alirekebisha tai, akakohoa, akaongea kama mtu anayesoma habari.

"Mama, mimi nimetumwa kuzika. Sijatumwa kufungua. Kufungua ni ya Mkubwa mwenyewe."

"Imeandikwa wapi?"

Akamgeukia msaidizi. Msaidizi akaangalia simu, akaangalia viatu vyake.

"Ni... ni utaratibu, mama."

"Nimeuliza imeandikwa wapi."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka viti vya nyuma. Hiyo haikuwa ya kicheko. Kwamboka alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, na nyasi chini yake zilikuwa zimelowa.

Nilikimbia. Nikampima hapo hapo kwa haraka. Mtoto alikuwa njiani, na hakuwa na mpango wa kungoja mtu.

"Chukueni gari langu!" Mheshimiwa akatangaza kwa spika. "Mpelekeni Kisii mara moja!"

Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimeshaanza kumwinua kuelekea kwenye gari, kwa sababu wakubwa wakisema, sisi wauguzi miguu hutangulia kabla ya akili.

Kwamboka akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Sista, si barabarani. Nakuomba. Si barabarani tena."

Hapo nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Nilikuwa na vitanda. Nilikuwa na maji na stima. Vyote viko nyuma ya utepe mwembamba wa duka la Harish, na mtu ananipa kiti cha nyuma cha gari na watu wanapiga makofi!

Nikaingiza mkono ndani ya jeneza, nikachukua makasi, nikaenda mlangoni nikakata. Sikuhutubia mtu.

"Sista! Utaandikiwa barua!" Mheshimiwa akaita, na spika ikapeleka ile sauti hadi mlima wa pili.

"Andikeni! Nitaisoma nikimaliza kuzalisha!"

Tukaingia, mimi na Anyona, na Kwamboka katikati yetu. Mtoto alitoka hata sijafunga aproni vizuri. Msichana.

Hakulia.

Alikuwa mlegevu, midomo ya bluu. Kwamboka hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, na nikajua anasikia kimya kile kile alichokisikia barabarani.

Nikamlaza kwenye ile meza yenye joto, nikamsafisha pua, nikamfunika pua na mdomo kwa kibarakoa kidogo, nikaanza kubonyeza mfuko wa hewa. Nikabonyeza. Anyona anasikiliza moyo, ananiambia upo, endelea. Nikaendelea. Mikono ilikuwa thabiti lakini ndani yangu nilikuwa nalia.

Kifua kikapanda. Akapiga chafya. Halafu akalia, na alilia kama mtu aliyeletewa habari za serikali.

Kwamboka akafunika uso akalia naye. Mimi nikaegemea ukuta. Gari la Mheshimiwa lina viti vya ngozi na redio nzuri. Mfuko wa hewa halina.

Na nje nako? Mheshimiwa alisikia kilio cha mtoto, akarudi kwenye maikrofoni mbio.

"Ndugu zangu! Kama nilivyowaahidi, leo nimefungua wodi hii!"

Kwaya ikaimba. Nani atakataa kuimba, na chakula kiko tayari?

Mnadhani imeisha? Bado.

Baada ya wiki kadhaa, wodi imejaa wamama, simu ikaja tena kutoka juu. Mkubwa amepata nafasi, anakuja kufungua.

"Lakini iko wazi," nikasema. "Kuna wamama ndani, wengine wamejifungua leo asubuhi."

"Watoe kidogo wakae kwa hema. Funga mlango, weka utepe. Akishakata, watarudi."

Mama ana nyuzi za kushonwa, mtoto ana saa chache duniani, nimtoe kwenye baridi yetu hii ili mlango ulio wazi ufungwe upate kufunguliwa?

"Imeandikwa wapi?" nikauliza.

Wakakata simu.

Sikumtoa mtu. Siku yenyewe wakaja vijana wa itifaki, wakafunga utepe mlangoni na wamama wako ndani. Aliyetaka kwenda choo alipita chini yake ameinama.

Mkubwa akafika na king'ora, kamera na wapambe. Mheshimiwa Zachariah yuko kando yake, anatabasamu kama mwenye nyumba. Mkubwa akakabidhiwa makasi, akainua macho, akasita.

Upande wa ndani wa utepe, Kwamboka alikuwa amekaa kwenye kiti ananyonyesha. Alikuwa amemleta mtoto chanjo, na alikuwa hana haraka.

"Huyu mama amefikaje ndani," Mkubwa akauliza, "kabla sijafungua?"

Zachariah akaanza kukohoa. Kamera zikageuka zote. Kwamboka hata hakusimama. Alimtoa mtoto kwenye titi, akamwinua wamwone.

"Wodi ilishafunguliwa, Mheshimiwa. Aliyefungua ni huyu."

Hakuna aliyecheka. Wamama waliokuwa vitandani ndio walianza kupiga makofi, polepole, na watu wa nje wakafuata.

Mkubwa alikata utepe hata hivyo. Jina lake liko kwenye kibao cha mawe hadi leo, kubwa, kwa herufi za dhahabu.

Sasa nyinyi wahudumu wenzangu wa afya, nendeni semina, kunyweni chai, andikeni yale maneno makubwa. Lakini mkiambiwa wagonjwa wangoje, ulizeni imeandikwa wapi. Sera iliyoandikwa unaweza kuisoma, kuipinga, kuipeleka kwa bunge la kaunti ibadilishwe. Ile isiyoandikwa popote ni woga wetu wenyewe, na woga huo unaua watu barabarani. Na hawa viongozi wanaokuja mbio tukishakufa, ni kazi yetu kuwazoesha kuja tukiwa wazima.

Barua yangu ilikuja kweli. Uhamisho, na niende mara moja.

Nikafunga mizigo, nikapita wodini kuaga. Nilimkuta mama mmoja anasukuma, Anyona yuko naye, kila mtu ana shughuli. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniambia kwaheri, na niliondoka nimefurahi.